Namna ya Kuburuta Miguu

Siku ya kwanza kumwona alikuwa amesimama kwa mguu mmoja mlangoni pa kibanda changu, mkononi kashika kiatu kilichong'oka kisigino. Alikuwa mjane, mhudumu katika wodi ya wazee, amehamia chumba cha nyuma ya kibanda. Nilikipiga kiatu misumari bila kumtazama usoni. Mbele ya wanawake mimi ni bubu.

"Fundi," akasema, "wewe unaongea na viatu kuliko watu."

Alikuwa anatafuta kazi ng'ambo, ya kutunza wazee. Wakala alimwonya kuwa kwenye usaili ataulizwa kwa Kiingereza mgonjwa anatembeaje, na akibabaika, safari imekwisha. Basi jioni akitoka kazini alikuja na kamusi, akakaa kwenye kigoda cha wateja. Neno lililomshinda ni "shuffle". Alidhani ni kuchechemea.

Kiingereza changu kiliishia shule ya msingi, ila viatu navijua. Aliponisomea maelezo ya kamusi kwa Kiswahili, nilimgeuzia soli mbili. Moja imelika upande: mwenyewe anachechemea. Nyingine imelika yote, nyembamba kama karatasi: mwenyewe hanyanyui mguu, anauburuta. Akaiangalia sana. Kisha akavaa ndara zangu, akajiburuta toka cherehani hadi mlangoni, shwaa, shwaa.

Nikamwambia akiendelea hivyo atanipa kazi kila wiki. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Baadaye yeye ndiye aliyenifundisha matumizi. Neno hilo, alisema, halimfai mtoto anayekimbilia shule. Linamfaa mzee, mgonjwa, au mtu anayekwenda asikotaka.

Nilijua kila neno analolishika linamtoa kwangu. Ningeweza kumwambia asiende. Nilimwambia arudie tena.

Alifaulu. Asubuhi ya safari, teksi ikimngoja barabarani, aliingia akakaa kwenye kigoda. Viatu vyake havikuwa na kasoro yoyote. Akauliza kama nina la kumwambia kabla hajaondoka. Lilikuwepo. Nikatazama gundi iliyokuwa ikinikaukia vidoleni, nikamwambia viatu vikilowa asivianike juani, ngozi itapasuka.

Alikaa kidogo, kama mtu anayesubiri sentensi iishe. Halafu akasimama, akajifuta magoti.

"Sawa, fundi," akasema. "Sitavianika."