Ngolo Kumi na Moja Zilizobaki

Wageni wakifika Mbinga hupiga picha milima yetu. Wanasimama barabarani wanasema, tazama, mlima umesukwa kama mkeka. Ni kweli umesukwa. Aliyesuka hawamuulizii. Na mimi sina haki ya kuwacheka, maana mkeka wa nyumbani kwangu niliufumua mwenyewe.

Mimi si wa huku juu. Nimezaliwa Kihagara, ziwani, kwenye mihogo na mchanga usiogombana na jembe. Nilimaliza kidato cha nne, nikaolewa na Mmatengo, nikapandishwa Ruanda, kijiji cha hukuhuku Mbinga. Mwezi wa tatu wa ndoa, mama mkwe akanipeleka shambani kwake, kwenye mteremko ambao kwetu tungewaachia mbuzi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Jembe umelishika kama kasia. Haya, samaki, leo utapanda mlima."

Wanaume walikuwa wameshafyeka nyasi kwa nyengo, wakaenda zao. Kazi yao huishia hapo. Nyasi zikikauka, wanawake tunazilaza kwa mistari inayokatizana, mpaka mlima unakuwa vyumba vyumba. Unachimba udongo wa katikati ya chumba, unafunikia zile nyasi. Pembeni panainuka tuta, katikati panabaki shimo. Hiyo ndiyo ngolo. Maharage yanakaa juu ya tuta, mahindi yanafuata msimu mwingine, na mvua ikinyesha maji yanatulia shimoni badala ya kuondoka na shamba. Namna ya kuzilaza nyasi alinieleza kwa Kimatengo. Nikaitikia kama niliyeelewa. Nilichoelewa siku ile ni mgongo.

Nikachimba miaka sita, mtoto akiwa tumboni au mgongoni. Nyasi alilaza yeye, mimi nikafukia. Wakati wa mavuno wanawake wa kwetu walipanda na vikapu vya usipa mkavu, dagaa wa ziwa letu, kubadilishana na maharage yetu. Walinikuta matopeni, wakaguna: "Mwanetu, shule yote ile?" Siku hizi hawapandi tena. Usipa unaletwa na pikipiki, unauzwa kwa kopo, na anayeuza hanijui mimi ni wa nani.

Kisha mama mkwe akapigwa na kiharusi, akapoteza mkono mmoja na sehemu kubwa ya ulimi. Mwaka huohuo nikamwambia mume wangu, "Mashimo basi. Tafuta vibarua wapige matuta." Alifurahi utadhani nimempa ng'ombe. Vibarua wakapiga matuta yaliyonyooka kutoka juu hadi mtoni, kwa sababu ndivyo jembe linavyokwenda upesi. Walifanya kazi siku mbili tu. Jua likazama wakiwa wamebakiza kona moja karibu na kahawa, ngolo kumi na moja, na hawakurudi. Mama mkwe alitazama yote akiwa kwenye kigoda chake. Kinywa kilitaka kusema, hakikuweza. Nami nikageuka kuchambua mboga.

Msimu wa pili, mchana mmoja tu wa mvua, niliona mahindi yetu yakiondoka yakiwa yamesimama. Yalishuka na udongo wake kama watu walio kwenye foleni, yakaingia mtoni. Ng'ambo ya mto, ngolo za jirani zilinyeshewa mvua ileile. Hazikupoteza kitu. Sisi tulibaki na mwamba, na watoto wangu wakala unga wa dukani.

"Mvua ya mwaka huu ilikuwa mbaya," akasema mume wangu.

"Na jirani yeye alinyeshewa soda?"

Baada ya wiki akaleta miche ya mikaratusi. Alitaka mteremko wote, na ile kona pia.

"Ile kona usiiguse. Nifyekee nyasi, nianze upya nikiitazama."

"Ngolo zimepitwa na wakati. Mama mwenyewe si zilimmaliza?"

Hapo alinichoma, maana ni kweli zilimmaliza. Vidole vya mama yake havikunyooka tena hata kabla ya ugonjwa. Lakini alimlisha yeye na nduguze wote kwenye mlima ule, na udongo ukabaki mahali pake. Nina hasira naye kwa kulisema hilo. Nina hasira zaidi na mimi, niliyekaa miaka sita kando ya mwalimu nikitazama saa.

Mwanamke hafyeki nyasi za ngolo. Jumamosi nikachukua nyengo nikafyeka kando ya ile kona, palipobaki udongo, mtoto mchanga mgongoni. Nyasi zilipokauka, nikamsogeza mama mkwe na kigoda chake hadi kwenye ile kona, tukaanza. Binti yangu wa miaka sita alinipa nyasi, mimi nikazilaza. Fimbo ya bibi yake ikatua juu ya mstari wangu.

"Si... hivyo."

Nikatoa, nikalaza tena. Fimbo tena. Mara ya nne hakupiga. Akaitazama nyengo kiunoni mwangu, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

"Mwanamume... wangu," akasema.

Nililia, kisha nikachimba. Hadi jioni zilikuwa tatu, moja imepinda. Ukijumlisha na zake ni kumi na nne. Kama zitashika maji, mvua ndiyo itasema.

Miche ya mikaratusi ingali kwenye viriba kando ya ukuta. Siimwagilii.