Jicho Lisilonyooshewa Kidole

Mimi kwetu ni Mbeya. Huku milima ya Kilolo niliolewa. Nasema mapema ili mtu asije akaniuliza ilikuwaje nisijue. Chemchemi ya watu huijui kwa kuolewa tu.

Mtunzaji wa chemchemi ile alikuwa mama mkwe wangu, mwanamke mfupi, mkali kama pilipili kichaa. Ukishuka bondeni na sufuria yenye masizi, anakufukuza. Maji yalichotwa kwa kibuyu, na kibuyu hicho hakikuingia jikoni. Halafu kulikuwa na kichaka, juu kabisa mlimani. Siku moja nilikinyooshea kidole nikimwonyesha mume wangu ndege. Mama mkwe alinichapa mkono mpaka kidole kikafa ganzi.

"Kwani kuna nini kule, mama?"

"Kuna adabu."

Nilinuna siku nyingi.

Ndipo ikaja miaka ile ya sabini ya kuhamia vijijini. Nyumba zetu mpya zingepangwa kwa mistari kwenye mteremko, juu ya chemchemi. Wapimaji walikuja na kamba na vigingi wakati wa kiangazi, na Bwana Afya alifuatana nao, kijana mwenye heshima zake. Alisimama akatusomea sheria: choo kisichimbwe karibu na mahali maji yanapotokea. Kisha akawaamkia watu kwa lugha ya huku, akasema, "Kamwene, wazee wangu. Maji yenu yanatokea wapi?"

Mama mkwe akampeleka bondeni.

"Ni hapa tu, mama?"

"Hapa."

"Hakuna kwingine?"

Watu wote wakatazama miguu yao. Mimi nikadhani wanaiogopa serikali, maana hata mimi niliiogopa. Bwana Afya akaona vigingi vya vyoo viko karibu mno na bonde, akakataa katakata. Aliamuru vipandishwe juu, mbali na maji, hadi ukingoni mwa kichaka. Sheria ilifuatwa, tena vizuri. Niliona wanawake wazee wakitazamana, lakini hakuna aliyefungua mdomo.

Tulihamia. Binti yangu alikuwa ameanza kutembea kwa kushika ukuta. Alikuwa na jina la bibi yake, na bibi alimwita "wajina", akimnywesha maji ya kibuyu kwa mkono wake mwenyewe.

Masika yakashuka na ukungu wake, pombe ya ulanzi ikajaa kwenye mianzi, watu wakafurahi. Asubuhi moja jirani yetu alitoka mbio chooni akicheka. "Jamani, njooni muone! Choo changu kimezaa kisima!" Tukapanda kutazama. Shimo lilikuwa limejaa maji hadi mdomoni, na yalikuwa yakibubujika kutoka chini. Vijana walicheka sana. Wazee hawakucheka, na mama mkwe alikaa chini kwenye tope, kitenge na vyote.

Nilipomwinua ndipo aliponiambia. Chemchemi ilikuwa na macho mawili. La bondeni ni la kiangazi. La juu hufumbuka wakati wa masika, na maji yake hupita ardhini mpaka yanatokea kwa lile la chini. Jicho la juu halitajwi mbele ya mgeni wala halinyooshewi kidole. Likinyooshewa, linafumba, na wote mnakufa kiu.

"Mungu wangu! Mama, si ungemnong'oneza hata mtu mmoja?"

Nami nikakumbuka kwamba asubuhi ile ile mtoto alikuwa ameshakunywa.

Nilimwaga kila tone lililokuwa ndani, nikachemsha maji ya mvua, nikamnywesha kwa kijiko. Wapi! Usiku akaanza kuhara, na nyumba ya pili nao, na ya tatu. Kulipokucha nilimbeba mgongoni kwenda zahanati. Njia ilikuwa utelezi mtupu, na mama mkwe alinishika kiwiko nisianguke. Nilikuwa nikimbembeleza, nikimwimbia, nikimwambia tumekaribia. Mwanangu alikuwa ameshakufa mgongoni na mimi sijui. Bibi yake ndiye aliyejua, kwa sababu aliiona shingo imelegea. Akaniacha niimbe mpaka mlangoni.

Wanasema mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilimchukia mama yule. Nilimpikia, nilimsalimia asubuhi na jioni, na nilimchukia.

Baada ya matanga Bwana Afya alirudi. Safari hii hakufuatana na wapimaji. Aliuliza swali lile lile: maji yanatokea wapi? Watu wakatazama miguu yao tena. Mama mkwe akatoka katikati yao, akainua mkono na kunyoosha kidole kuelekea kichakani, mbele ya kijiji kizima. Mwanamke mmoja akapiga yowe.

"Kule," alisema. Hakuushusha mkono mpaka yule kijana alipoanza kupanda.

Vyoo vilifukiwa vyote. Sisi tukakaa kungoja jicho lifumbe, na yeye alikwenda kulitazama kila kukicha.

Halikufumba. Lilitoa maji masika yote.