Vitunguu swaumu vya Verdiana vinatafuta baridi

Ukungu bado umelala juu ya kijiji cha Daudi, Mbulu, na Verdiana Amsi ameshang'oa kitunguu cha pili. Anakipangusa udongo kwa upindo wa kanga, anakipasua kwa ukucha, anakitazama, anakitupa kwenye ndoo. Anasogea mbele kidogo na kuinama tena.

"Mama Joakimu, utamaliza shamba kwa kulipima," anasema mumewe, Lameck, aliyeegemea mpini wa jembe pale mpakani.

Verdiana anainama. Anang'oa kingine.

Mahojiano haya yanafanyika tukitembea, maana mama huyu wa miaka 53 hakai. Ukimkaribisha kwenye kigoda anakaa dakika moja, halafu anakumbuka kitu shambani. Anachokitafuta huko hakionekani juu ya ardhi. Majani ya vitunguu swaumu vyake yamesimama vizuri, ndiyo kwanza yanaanza kuwa manjano nchani, na mpita njia angemsifu. Ubaya uko chini.

Kitunguu swaumu kikikomaa, kichwa hugawanyika ndani kikawa punje. Vya Verdiana kwa misimu mitatu vimetoka duara moja tupu, bila punje hata moja. Wanunuzi wanakigeuzageuza mkononi na kuuliza ni ugonjwa gani.

"Mwaka juzi nilipeleka magunia saba Mbulu mjini, nikarudi na matano," anasema. "Utambembelezaje mtu anunue kitu asichokijua?"

Lakini soko silo linalomkosesha usingizi. Kitunguu swaumu hupandwa kwa punje zake. Kichwa chenye punje nane kinakupa mashina manane. Kichwa cha duara unakipanda kimoja, unavuna kimoja, na kikioza njiani ndiyo basi. Kila msimu mbegu yake inapungua, na mbegu hiyo hajawahi kuinunua. Alikuja nayo akiwa bibi harusi, kikapu kimoja.

"Ng'ombe wa mahari alipokea baba. Mimi mama akanipa mbegu," anasema. "Mama ameshatangulia. Kilichobaki kwake ni hiki."

Mwanzoni alidhani mbegu imechoka, akaongeza samadi. Majani yakanenepa, chini duara. Kisha akashuku kijicho, akamnunia jirani yake Rahel kwa muda mrefu, mpaka vitunguu vya Rahel navyo vilipotoka duara. "Nikaona aibu," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka.

Aliyemfungua macho ni Doris, bibi shamba aliyehamishiwa huku kutoka mkoa mwingine. Doris alimweleza kwamba kitunguu swaumu hakigawanyiki mpaka kisikie baridi, iwe ghalani kabla ya kupandwa au shambani kikiwa kichanga. Zamani baridi ya Juni na Julai iliifanya kazi hiyo bila kuombwa. Siku hizi watu wa Daudi wanalala na blanketi moja.

Kisha Doris akauliza mbegu inakaa wapi. Verdiana akampeleka jikoni kwa fahari, akamwonyesha kichanja juu ya mafiga, vitunguu vimefungwa mafungu na kuwa vyeusi kwa moshi.

"Alitazama juu, akaniambia, mama, mbegu yako inaota moto mwaka mzima," anasema Verdiana. "Nilikasirika. Nikamwambia hapo ndipo mama yangu alipoiweka, na bibi yangu, moshi unafukuza wadudu. Akasema ni kweli, mama, unafukuza. Ila zamani ilitoka motoni ikakutana na baridi shambani. Sasa inatoka kwenye joto inaingia kwenye joto."

Lameck, kwa upande wake, hana ugomvi na hali ya hewa. Anapoulizwa anasema bila kificho.

"Mahindi hapa yalikuwa yanakaa shambani mpaka unasahau uliyapanda lini. Siku hizi yanakomaa vizuri. Joto hili linalomliza mke wangu, mimi linanipa ugali. Niseme uongo?"

Shamba ni moja, na mteremko huu ndio wenye udongo mzuri. Wakakubaliana: msimu huu vitunguu visipogawanyika, mahindi yanaingia.

Hapo Verdiana akafanya jambo ambalo hata leo akilisimulia sauti inashuka. Aliigawa mbegu. Nusu aliiacha jikoni kama ilivyorithiwa. Nusu aliishusha kutoka kichanjani, akaibeba hadi kwa dada yake, Scolastica, anayeishi juu kabisa karibu na msitu wa hifadhi wa Nou, akaitundika kwenye ghala la mbao, upande usiopigwa na jua. Ilikaa huko zaidi ya miezi miwili.

"Nilijiona kama namfukuza mama nyumbani," anasema.

Alikuwa akipanda mlima kuiangalia mara kwa mara. Scolastica alimwambia aje amsalimie yeye pia, mbegu haitoroki.

Mistari ya chini ya mteremko ni mbegu ya jikoni, ya juu ni ile iliyolala kwa dada. Asubuhi hii ameanzia chini, na ndoo imejaa duara. Anavuka mfereji kwenda upande wa juu. Anang'oa, anapangusa, anabonyeza kwa kidole gumba. Safari hii anakaa chini, palepale kwenye udongo wenye umande, na kukipasua taratibu.

Punje saba.

Anang'oa kingine. Sita. Lameck anaacha jembe na kupanda mteremko. Haamini kwa urahisi. Anakwenda mbali, anachagua shina mwenyewe, anapasua, anatafuna punje moja mbichi hadi machozi yanamtoka.

"Kali," anasema. Anatema pembeni. "Haya. Juu ni kwako. Na kule chini?"

Verdiana anautazama upande wa mbegu ya jikoni.

"Weka mahindi," anasema. "Ila duara zote nazikusanya. Nazo zinapanda mlimani kwa dada."

Anampigia dada yake simu hapohapo. Scolastica anafurahi, anamshukuru Mungu kwa sauti tunayoisikia sote. Kisha anasema anachoma mahindi, karibuni. Mahindi ya shambani kwake, mwaka huu ndiyo kwanza alijaribu.

"Yamekomaa huko juu?" anauliza Verdiana.

"Yamekomaa vizuri sana, mdogo wangu."

Simu ikikatika anasimama nayo mkononi. Furaha imemtoka usoni haraka kuliko ilivyokuja.

"Mahindi yameshafika kwa dada, maana yake na joto limefika," anasema. "Juu ya dada ni msitu, na msituni huingii na jembe."

Lameck anakwenda kuchukua gunia. Verdiana ameshaanza tena kutembea, na anaongea akiwa mbele yetu. Jana, anasema, kabla hajajua kama vitagawanyika, alipita kwa Urban, mwenye duka lenye friji ya soda, akamwomba nafasi ya rafu moja ya kuweka mbegu kwa miezi miwili. Urban alisema soda zitanuka. Atarudi leo na kichwa kimoja chenye punje, amwonyeshe, na atamlipa.

"Mama akinikuta naiweka mbegu yake chini ya soda atanichapa," anasema. "Achape tu, mradi mbegu ipo."