Mgao wa Meja

Kwa mujibu wa waraka uliotolewa mwezi wa Agosti 1965 na ofisi iliyohusika, na kubandikwa katika kila kambi ya mkoa iliyokuwa na ukuta wa kubandikia, mbwa wa Serikali atalishwa nyama mbichi, ratili moja na nusu kwa siku, saa kumi jioni, bila chumvi na bila mfupa. Kipimo hicho kimefikiwa na wataalamu. Hakitapunguzwa wala hakitaongezwa. Aidha, kwa kuwa nguvu ya mbwa ni sehemu ya nguvu ya dola, kiasi cha chakula chake ni siri, na hakuna mwenyeji wa mkoa huu atakayekijua.

Nyama yenyewe, hata hivyo, ilibidi itoke kwa mwenyeji, maana Nairobi ni mbali, na jua la Garissa haliogopi muhuri.

Mwenyeji huyo alikuwa Habibo Kulow, mjane wa miaka hamsini na kitu, muuza nyama sokoni. Mbuzi walichinjwa alfajiri na wanaume. Kukata na kugawa ilikuwa kazi yake. Alikuwa na mizani ya sahani mbili, ila aliitumia kwa ajili ya wateja wenye wasiwasi. Yeye mwenyewe alimtazama mbuzi akiwa bado anatembea, akataja uzito wa nyama yake, na akikosea, alikosea kwa figo moja.

Wauza nyama wanaume walikuwa wameombwa kabla yake. Wa kwanza akaumwa mgongo. Wa pili akakumbuka shangazi mgonjwa kule Masalani. Wa tatu, mtu mkweli, alisema mkono wake haukati chakula cha mbwa. Habibo alisema wake unakata. Tangu hali ya hatari itangazwe, kibali cha meza sokoni kiligongwa muhuri kila miezi mitatu, na muhuri huo ulikaa katika mtoto wa meza ya inspekta yuleyule aliyekuwa na mbwa. Bila meza, Habibo hakuwa na kazi nyingine duniani. Wateja waliomuuliza kwa nini anamnenepesha mnyama anayewafuata watoto wa watu porini aliwapa jibu fupi: mwezi wa tano mbwa huyo alimuuma mzee Olow, ambaye kosa lake lilikuwa kupita. Mbwa mwenye njaa, alisema, hachagui.

Alitoa sharti moja. Nyama itatoka kwake ikiwa ndani ya kopo, na kopo likishafika kambini halitarudi. Mate ya mbwa ni najisi nzito. Chombo kikiguswa nayo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mtu wa kuchukua nyama, Koplo Komora, Mpokomo wa ng'ambo ya Tana, alilikubali sharti hilo haraka, kama mtu anavyokubali jambo asilolielewa.

Mbwa aliitwa Meja. Kwa hiyo Komora alimpigia saluti inspekta na kumsafishia banda mkubwa wake mwingine.

Katika wiki sita za kufuata waraka, Meja alishuka kutoka ratili sabini hadi sitini na moja. Mbavu zilihesabika. Manyoya yalipoteza mng'ao, na alipopelekwa kufuata nyayo alifuata hadi kivuli cha kwanza, akalala. Inspekta aliusoma waraka tena na hakuona kosa ndani yake, basi kosa likabaki kwa muuza nyama. Alitamka mbele ya karani kwamba mwanamke huyo anapunja, na kupunja mbwa wa Serikali wakati wa vita ni jambo lenye jina baya. Mwisho wa mwezi uliofuata Meja angepimwa. Asipofika sabini, meza ya Habibo ingepewa mtu mwingine, na yeye angeitwa kujieleza.

Komora alitumwa kupeleka habari hiyo. Akiwa njiani aliamua kufanya uchunguzi wake mwenyewe, na hapo ndipo alipokosea. Alifika sokoni asubuhi, wateja wakiwa wamejaa, akiwa na kopo la jana lililolambwa likang'aa. Nia yake ilikuwa njema: alitaka kulipima kopo tupu, kisha lililojaa, ajue ukweli. Akaliweka juu ya sahani ya mizani.

Mwanamke mmoja aitwaye Nafiso, aliyekuwa tayari ameshika paja lake la mbuzi, alilirudisha mezani taratibu.

Habibo hakupaza sauti. Alilisukuma kopo chini kwa kijiti, akaitoa sahani kwenye minyororo, akaagiza maji na udongo. Akaosha palepale mbele ya watu, maana sahani iliyooshwa uani ingebaki chafu hadi Kiyama. Wateja walihesabu kwa sauti. Mfanyabiashara wa ngamia aitwaye Nuh alisema udongo ni wa mara ya kwanza. Nafiso alisema alivyofundishwa yeye ni wa mwisho. Habibo akatumia udongo mwanzo na akautumia tena mwisho, ikawa mara nane, na Nuh akauliza kama ya nane haiharibu zile saba.

"Ya nane ni ya kukuosha wewe mdomo, adeer," Habibo alimwambia, akimwita ami kwa Kisomali. Watu wakacheka, na Nafiso akachukua paja lake.

Komora alikuwa bado amesimama, kofia mkononi. "Nisamehe, mama. Kwetu mbwa hulala jikoni."

"Najua. Sasa pima."

Alipima kwa kopo jipya. Ratili moja na nusu, wala si unyoya chini. Alipima mara ya pili, kwa kuona haya. Kisha akamweleza ujumbe wa inspekta, neno kwa neno, pamoja na ile ratili moja na nusu ya siri, ambayo Habibo alikuwa akiikata kwa mikono yake kila siku.

Habibo hakuonekana kutishika. Utotoni, upande wa Wajir, baba yake aliwahi kukamata mtoto wa duma ili amuuzie mzungu mmoja, na aliyemlisha kwa miezi mitano alikuwa yeye. Duma si najisi, lakini tumbo ni tumbo. Alitandika gunia chini, akamwaga kokwa za tende, akaanza kuuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Mbwa yako ilikuja na ratili ngapi?"

"Sabini."

"Basi sahau sitini na moja. Usilishe mbwa iko hapa. Lisha ile unataka." Akahesabu kokwa sabini. "Mnyama ya kazi inakula uzito yake kwa mwezi. Ikilala tu, siku hamsini."

Komora, aliyesoma hadi darasa la saba, aligawa sabini kwa thelathini kwenye kiganja chake, akapata ratili mbili na theluthi. Alimkumbusha kwamba waraka unasema moja na nusu ya nyama.

"Mbwa haili nyama, koplo. Inakula mnyama."

Akazigawa kokwa katika mafungu kumi ya saba saba, kama vile ngamia wa sadaka anavyogawiwa watu saba. Mafungu sita ni mnofu na mafuta yake. Mawili ni moyo, mapafu na utumbo usiooshwa, ambao binadamu hawaununui. Moja ni ini na figo. Moja ni mfupa laini: mbavu na shingo ya mbuzi. Komora aligundua kwamba mnofu, kwa hesabu hiyo, haufiki hata ratili moja na nusu kwa siku. Kipimo cha waraka kilikuwa hakijapitwa, tena nyama kidogo ilibaki. Kilichomtia hofu ni mfupa, uliokatazwa waziwazi.

"Ile ya kupikwa ndiyo inavunjika kama chupa," Habibo alisema. "Mbichi inatafunika. Wewe umeona fisi iko na bwana mkubwa ya kumtolea mfupa?"

Kilichobaki, alimwambia, asimuulize yeye tena; aulize mavi. Yakiwa meupe na yanamomonyoka kama ya fisi, apunguze mfupa. Yakiwa maji, apunguze ini.

Wiki ya kwanza yalikuwa maji. Komora, kwa bidii, alikuwa ametoa ini la siku tano kwa siku mbili. Alirudi akitoa ripoti kamili mbele ya wateja, rangi na kila kitu, na Habibo akamwomba asogee mbali na nyama ya watu. Ini likapunguzwa, likarudishwa kidogo kidogo. Wiki ya pili yalikuja meupe. Fungu la mfupa likakatwa nusu. Wiki ya tatu Komora hakuwa na la kuripoti, akasimama tu kando ya meza akitabasamu, kopo jipya kwapani.

Siku ya kupima, Meja alitiwa ndani ya gunia na kuning'inizwa kwenye mizani ya ghala la ngozi, kichwa nje, akiwatazama askari kwa dharau ya cheo chake. Sindano ilisimama kwenye sabini na moja. Inspekta alitazama mara mbili. Katika taarifa yake aliandika kwamba kipimo cha wataalamu, kikifuatwa kwa uaminifu, huleta matokeo, na akapendekeza kitumike Wajir na Mandera bila mabadiliko.

Jambo moja tu lilimsumbua: mtunza ghala wa kambi alikuwa ameuliza mbavu na utumbo vinaingia kambini kwa kibali gani. Komora akasema kweli. Inspekta alimtazama mbwa, halafu akaamuru hesabu ya Habibo iandikwe yote, igongwe muhuri wa siri, na ibanwe kwenye kibali chake cha meza kama orodha ya anavyopaswa kuleta. Kibali kilikuwa cha mwaka mzima.

Habibo alikwenda kukichukua siku ya Jumatatu. Hakujua kusoma, na sheria ilitaka mtu aelewe kile anachokiwekea dole gumba, kwa hiyo karani Mursal alimsomea kiambatisho hicho kwa Kiswahili, kisha kwa Kisomali ili pasibaki shaka, kwa sauti, maana foleni ilikuwa na wenyeji kumi na mmoja na kelele nyingi. Habibo alimwomba afute neno figo mahali pamoja, lilikuwa limeandikwa mara mbili, kisha akaweka dole.