Kondoo wa Mlingoti

Nikinusa nyama ya kondoo ikichomwa, mimi sifikirii Krismasi, nafikiria simu. Mwishoni mwa miaka ya tisini, kule kwetu Giakanja, zilivuma habari kwamba kampuni kubwa ya simu za mkononi, yenye milingoti katika nchi chungu nzima, inatafuta mahali pa juu pa kusimika mwingine. Guka, babu yangu, aliamua papo hapo kwamba mlingoti ni wetu. Shangazi Nyambura, kitindamimba wake, alikuwa nesi Uingereza, na Guka hakuwa amesikia sauti yake tangu aondoke. Kibanda cha simu pale Nyeri kilimeza sarafu zake kikamwachia mlio tu. Basi alijiaminisha kwamba mlingoti ukisimama shambani mwake, sauti ya Nyambura itashukia kwake kwanza kabla haijaenda kwa wengine. Na nani angembishia Guka?

Wataalamu wakaja, Mzungu mmoja aliyeiva kwa jua na vijana wawili wa Nairobi. Sasa, kwetu mgeni hashiki kazi kabla hajala, na hali kidogo. Cucu, bibi yangu, aliwapa chai ya maziwa matupu, viazi vitamu, kisha mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi na majani ya malenge, uliorundikwa kwenye sahani hadi hawakuonana. Walipoinuka, Guka akawaketisha tena. Alikuwa amechinja kondoo wa mkia mnono.

"Ati mnaenda wapi?" aliuliza. "Hiyo kilima haiendi mahali. Kuleni!"

Walikula, jamani! Mzungu alilegeza mshipi mara mbili. Vyombo vya kupimia viliegemezwa kwenye mgomba, kuku akapanda juu yake. Kufika alasiri, wote watatu walikuwa wakikoroma kwenye nyasi, naye Guka akiwazunguka huku akikohoa kwa nguvu, maana kumwamsha mgeni waziwazi ni kukosa adabu. Ni mvua ya mlimani iliyowaamsha. Walishukuru mno, wakaingia garini, wakaenda zao bila kupima hata kichuguu.

Kesho yake ilikuwa zamu ya jirani yetu Mama Gathoni, mchoyo kupindukia, ambaye hakuwapa hata maji. Kwa kukosa la kufanya, walipima. Mlingoti ukasimama kwake. Guka alinuna vibaya. Kondoo kaenda, mlingoti umeenda, na Mama Gathoni kila asubuhi anapita langoni petu akiimba nyimbo za kanisani.

Lakini sauti haikujali mpaka wa shamba. Baba alinunua simu nzito kama tofali, na Jumapili moja ikaita. Guka alivua kofia, akaishika simu kwa mikono miwili.

"Nyambura," alisema, "umekula?"

Nilimsikia shangazi akiangua kilio huko ng'ambo. Nadhani hakuna aliyekuwa amemuuliza hivyo tangu afike. Guka alimngoja amalize, kisha akamuuliza tena.

Siku hizi mtandao umejaa hadi zizini. Juzi binamu zangu, wakielekea Nanyuki, walinipigia wakiwa Chaka, si mbali na kwetu: tunapita tu, tutaonana, wakakata. Mukimo ulikuwa jikoni, wa moto. Hata nafasi ya kuwauliza kama wamekula sikuipata.