Mama Juu ya Paa

Nikiwa bado msichana wa kuchunga ndama kule Naitiri, niliwahi kumwona mama yangu akipanda juu ya paa la nyumba mchana kweupe.

Msomaji asiyetoka kwetu atauliza, kwani kuna nini? Kwetu mwanamke hapandi paa. Akipanda, mumewe atakufa. Kila mtu alijua hivyo, na kwa sababu kila mtu alijua, mwanamke aliyepanda alihesabiwa kuwa ameharibika kichwa.

Mvua ya mawe ilikuwa imeng'oa mabati upande wa chumba cha mahindi, chakula chetu cha mwaka mzima. Baba alikuwa ameenda sokoni. Wingu jingine lilikuwa linashuka kutoka mlimani. Mama akaegemeza ngazi ukutani, akajaza misumari mdomoni, akapanda.

Kukhu, mama yake baba, alipiga ukemi. Watu wakaja mbio. Baba mdogo alikuja na kamba ya ng'ombe. Nyundo hakuja nayo. Nilijua maana ya kamba ile. Aliyeharibika kichwa alifungwa kwenye nguzo ya nyumba mpaka apoe.

"Nasimiyu!" Kukhu aliita. "Unanijua mimi ni nani?"

Mama alitoa misumari mdomoni. "Wewe ni mama mkwe wangu, na hiyo leso umevaa ni yangu."

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka huku nalia.

"Mnacheka nini?" baba mdogo akafoka. "Si hivyo ndio wazimu hujibu? Shuka, shemeji, tukufunge pole pole."

"Ati nishuke nifungwe? Si wewe upande!"

Hakupanda. Alikuwa na mguu mmoja kwenye ngazi, na kamba begani, baba alipotokea akisukuma baiskeli yenye matope. Kukhu alimkimbilia, akamshika mkono, akaupapasa kama anayetafuta homa.

"Mwanangu, uko mzima?"

"Niko mzima, mama. Ni njaa tu."

"Bibi yako ameharibika. Angalia juu."

Baba aliangalia. Watu wote wakamwangalia yeye. Neno lake moja lingetosha, na mama angefungwa. Matone ya kwanza yalianza kulia juu ya mabati.

"Mama Nekesa," aliita, kwa jina langu mimi.

"Sema."

"Hapo kwa kona panavuja bado?"

"Panavuja sana, baba Nekesa!"

Baba akavua koti. Akamwondoa baba mdogo kwenye ngazi, akaishika kwa mikono miwili. "Ndugu yangu, rudisha hiyo kamba. Ng'ombe yako inazurura kwa mahindi ya watu."

Nilitaka kuruka kwa furaha! Mama aligonga misumari mvua ikimpiga mgongoni, na mahindi yetu yakapona.

Lakini majirani hawakusahau. Wanawake waliacha kukaa karibu na mama kanisani, na watoto wao wakakatazwa kucheza nami. Mwishowe tukahamia Kitale, mtaa wa Matisi. Huko mama alipata kazi ya mjengo, akawa anapigilia mabati kila siku, mbele ya watu wote. Kelele pekee aliyopigiwa ilikuwa ya kuitwa chini kula chakula. Alikuwa mama yule yule.

Baba tumemzika juzi, amezeeka, ana vitukuu. Baba mdogo alikaa kando yangu matangani. "Unaona sasa, Nekesa? Mama yetu, Kukhu wako, si alisema atakufa?"

"Baba mdogo, amekufa na mvi kichwa chote!"

"Lakini si amekufa?"

Nilicheka, na kicheko kikageuka machozi. Sikumkasirikia, kwa sababu nilikuwa nimesikia jambo kutoka kwa baba mwenyewe. Alipokuwa mgonjwa, tulipomaliza kusali, nilimuuliza kwa nini yeye hakuamini yale mambo ya paa.

"Nani alikwambia sikuamini?" alisema polepole. "Niliamini kabisa, mwanangu. Nikishika ile ngazi nilijua nimekwisha. Lakini ningemwacha aanguke?"

Nimekaa na maneno hayo tangu siku hiyo. Mungu amrehemu. Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye mvuani, na ngazi ile haikutikisika hata kidogo.