Pini ya Tairi la Nyuma

Siku Mudathiri alipokufa, Safina alikuwa na grisi chini ya kucha. Aliiona alipopokea khanga ya kujifunika, wanawake wamekwisha kujaa sebuleni, na wazo la kwanza lililomjia halikuwa la mumewe. Lilikuwa la pini.

Ni pini ndogo ya chuma, yenye miguu miwili ya kukunja. Hupitishwa kwenye nati ya ekseli ya tairi la nyuma ili nati isije ikafunguka njiani. Jana yake alasiri Safina alikuwa amechutama uani kwake, Murubona, Kasulu mjini. Alivuta cheni iliyolegea, akakaza nati kwa spana ndefu, na hapo mteja akapiga hodi kufuata gauni lake. Safina alinawa mikono, akaingia ndani, akampimisha, wakacheka kidogo. Kisha alirudi uani. Spana aliikumbuka, na kitambaa cha kufutia alikikumbuka. Kuiweka pini hakukumbuka.

Mudathiri alikuwa muuza miwani ya kusomea. Alizunguka nayo minadani, kutoka Kasulu mpaka Kibondo na kwingine, na pikipiki yake ilijulikana njia nzima. Ilikuwa pikipiki kubwa ya safari, iliyoinuka juu, yenye masanduku ya bati ubavuni. Aliinunua Kigoma kwa mzungu aliyechoka kuzunguka Afrika. Mafundi wa bodaboda waliikataa. "Hiyo siyo saizi yetu, mzee," walimwambia. Basi kazi ikawa ya Safina, ambaye tangu usichana alikuwa akifungua cherehani yake mwenyewe na kuirudisha. Mzungu aliacha kitabu kinene cha matengenezo. Lugha yake Safina hakuijua, lakini picha alizisoma zote. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana aliikagua pikipiki, Mudathiri akikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akimsimulia habari za minadani.

Walimkuta mbele ya Makere, pembeni mwa barabara ya Kibondo, pikipiki imelala karibu naye. Karatasi waliyopewa nyumbani iliandikwa ajali. Walimzika kesho yake asubuhi, na siku ya tatu pikipiki ikaletwa na Fuso. Wanaume wawili waliisukuma hadi uani, wakaifunika turubai.

Hakuna aliyemuuliza Safina chochote. Mama mkwe wake, Bi Kuruthumu, aliyekuwa akiishi nao, alisema tu kwamba Mungu ndiye aliyepanga, akamsugua mgongo. Mkono ule ulimchoma Safina kuliko tusi. Alikaa eda miezi minne na siku kumi, chumba chake kikitazamana na uani. Upepo wa alasiri ulipopiga, turubai lilijigonga kwenye bati la sanduku, na yeye akiwa katikati ya kushona angeitika, "Abee!" Kisha angebaki ameshika kitambaa, akisikiliza. Bi Kuruthumu alisikia mara zote hizo.

Mwezi wa nane tangu msiba akaja mnunuzi wa pikipiki. Ndihokubwayo alikuwa mfanyabiashara wa maharage kutoka Kibondo, mtu wa heshima, na alimwamkia Bi Kuruthumu kwa kuinama. Walikubaliana upesi. Safina ndiye aliyeomba wiki moja.

"Siwezi kumpa mtu kitu nisichojua kina nini," alisema.

Hilo halikuwa uongo, ila halikuwa lote.

Asubuhi yake aliliondoa turubai. Vumbi jekundu lilikuwa bado kwenye mbavu za injini, limekauka kama udongo wa ukutani. Alianza mbele, makusudi. Alifungua plagi, akaisugua. Alitoa betri, akaipeleka kuchajiwa. Alisafisha chujio la hewa, lililotoa mchanga wa njia nzima ya Kibondo. Siku mbili alifanya kazi bila kugeuza macho upande wa nyuma, kama mtu anayepita karibu na kaburi jipya.

Siku ya tatu alipiga magoti penye tairi la nyuma, akapangusa kwa kitambaa chenye petroli.

Pini ilikuwepo. Mguu mmoja umekunjwa juu, mwingine chini, jinsi alivyozoea kukunja yeye, na nati haikusogea hata kidogo.

Alikaa chini mchangani. Kwa miezi minane alikuwa amesubiri kulia kwa sababu ya pini hiyo, na sasa kilio hakikuja. Lilikuja swali jingine. Kama siyo pini, basi ni nini? Akarudi kazini kama aliyetumwa. Alipima breki, mbele na nyuma. Aligeuza usukani kulia na kushoto, akavuta waya wa gesi, akakagua matairi kwa vidole, inchi kwa inchi. Kila alichokigusa kilikuwa kizima. Aliona bora angekuta kimevunjika kitu.

Ndipo alipoanza kutazama mikwaruzo. Yote ilikuwa upande wa kushoto. Kona ya sanduku imebonyea, kioo cha pembeni kimepasuka, mkono wa klachi umepinda kidogo. Basi. Pa kukanyagia palikuwa pamenyooka. Rangi ya tanki haikuburuzwa. Safina aliyajua majeraha hayo, kwa sababu mwaka mmoja nyuma yeye mwenyewe aliiangusha pikipiki hiyohiyo hapo uani alipojaribu kuisogeza peke yake. Ilikuwa imesimama.

"Mama," alimwita Bi Kuruthumu. "Hii haikuanguka ikikimbia."

Bi Kuruthumu alikuja hadi kwenye kizingiti. Tangu msiba alikuwa hajakanyaga upande ule. "Unasemaje?"

"Alikuwa ameshasimama."

Injini iligoma kuwaka. Moto ulifika kwenye plagi, lakini petroli ya miezi minane ilikuwa imeoza na kunuka kama rangi ya zamani. Safina alimwaga tanki, akafungua kabureta juu ya sinia, na kukuta kitundu kidogo kinachopitisha petroli kimeziba kwa ukoko. Alikizibua kwa uzi mmoja wa waya alioutoa kwenye kebo kuukuu ya breki ya baiskeli. Alipobonyeza stata mara ya nne, injini ilikohoa, ikashika. Mle ndani Bi Kuruthumu alidondosha sufuria.

Jumamosi Safina alivaa suruali ndani ya gauni, koti la mumewe na kofia yake ngumu. Mpaka siku hiyo alikuwa ameendesha mitaani tu, kujaribu alichotengeneza. Alipita Makere taratibu. Dereva wa lori aliyemwokota Mudathiri alikuwa amewaelekeza mahali penyewe msibani: karavati la pili, mikaratusi mitatu kushoto. Alisimama hapo, akazima.

Shambani, hatua thelathini hivi, mwanamke alikuwa akipalilia muhogo. Aliinua uso, akaiona pikipiki na mtu aliyevaa koti lile. Jembe likamtoka. Alipiga ishara ya msalaba.

Safina alivua kofia haraka. "Mwidiwe!" alimwamkia kwa Kiha. "Usiogope, mimi ni mkewe!"

Mwanamke huyo aliitwa Esteri. Wazazi wake walitoka Burundi zamani, yeye akazaliwa huku.

"Nilijua ipo siku mtu atakuja," alisema Esteri. "Kila lori likipunguza mwendo hapa, moyo wangu unaruka."

"Ulimwona?"

"Alisimama mwenyewe, vizuri. Akashusha stendi, akazima. Alishuka amejishika hapa." Aliweka kiganja kifuani. "Jasho lilimtoka kama mtu aliyenyeshewa. Akaniambia *amazi*, ananiomba maji kwa Kiha, basi nikajua ni mtu wa kwetu. Nikampa. Akanywa kidogo. Akaniambia, mama, isogeze kivulini, jua litaila mipira yake, mke wangu atanigombeza."

Safina alifunga macho.

"Nikaisukuma. Dada, ni nzito ile! Ikanishinda, ikaanguka. Akacheka. Kweli alicheka. Nikamwambia nakimbia kuita watu. Nimefika kule mtaani, tumerudi, tunakuta lori limesimama na watu wamejaa, wanasema ajali, ajali. Naye amekwisha kwenda."

"Mbona hukusema?"

Esteri alitazama mikono yake. "Pikipiki niliiangusha mimi. Wangeniuliza, wewe ni nani, karatasi zako ziko wapi, ulimfanya nini. Ninazo karatasi, lakini watu wa kwetu tunaogopa kuulizwa. Nikarudi kwenye muhogo. Tangu hapo silali vizuri."

Walikaa pamoja mpaka kivuli cha mikaratusi kikahama. Safina hakumlaumu. Angemlaumu vipi, naye miezi yote minane alikuwa na la kwake alilolifungia kifuani, asimwambie hata mama wa marehemu?

Alirudi Kasulu kabla ya alasiri, akampigia Ndihokubwayo simu kumtaka radhi: pikipiki haiuzwi. Halafu akaketi mkekani mbele ya Bi Kuruthumu, akamweleza yote. Alianza na pini, na usahaulifu wake, na jinsi alivyodhani ni yeye aliyemuua. Kisha akaeleza ya Esteri.

Bi Kuruthumu alisikiliza bila kumkatiza. Machozi yalimtiririka, hakuyafuta.

"Kwa hiyo hakuwa peke yake," alisema.

"Mwishoni kabisa alikuwa peke yake, mama. Kabla ya hapo alikuwa na mtu."

"Na maji alipata."

"Alipata."

"Alinywea nini?"

Safina alisita. "Kikombe, nadhani. Au kibuyu. Sikuuliza."

"Yalikuwa ya baridi?"

"Sijui, mama."

Vidole vya Bi Kuruthumu vilipita kwenye tasbihi pasipo kuhesabu. Nje upepo ulikuwa umeanza, na safari hii uani hapakuwa na turubai la kujigonga. Wote wawili walisikiliza hata hivyo.

"Jumamosi ijayo rudi," bibi alisema. "Kamuulize vizuri. Muulize pia alicheka vipi."